Mama na baba wagawane vipi malezi? Njia tatu zikilinganishwa

Watu wawili wakipanga kuoana huzungumza mengi: wakae wapi, wazae watoto wangapi, nani ashike fedha za nyumba. Ni wachache wanaokaa chini kuulizana nani ataamka usiku mtoto akilia, nani ataitikia mwito wa mwalimu, nani atamkanya mtoto akikosea. Mambo haya huachwa yajipange yenyewe, nayo hujipanga kwa kufuata kile ambacho kila mmoja alikiona kwao alipokuwa mdogo. Mtoto anapoanza kutembea, nyumba tayari ina utaratibu ambao hakuna aliyeuchagua. Mara nyingi mmoja amechoka na mwenzake hajui kachoshwa na nini.

Ulinganisho huu ni wa wazazi ambao hawajaamua, au walioamua kimyakimya na sasa wanataka kuamua upya kwa maneno. Nimeweka njia tatu, kwa kuwa nyumba nyingi ninazozifahamu huangukia kwenye mojawapo, au huwa na kiguu kimoja huku na kingine kule.

Ya kwanza ni mgawanyo wa jadi. Mama ndiye mlezi wa kila siku: ananyonyesha, anaogesha, anauguza, anafuatilia shule. Baba anatafuta riziki, anashiriki maamuzi makubwa, na neno lake ndilo la mwisho kwenye nidhamu. Ya pili ni nusu kwa nusu. Kila kazi ya mtoto hufanywa na wote wawili, kwa zamu au kwa pamoja, na hakuna iliyoandikwa jina la mama wala la baba. Ya tatu nitaiita kila mtu na fungu lake, au kwa kifupi fungu kwa fungu. Kazi zinagawanywa bila kuangalia nani mwanamke na nani mwanamume, ila kwa uwezo, nafasi na saa za kazi, na mwenye fungu analibeba lote kuanzia mwanzo hadi mwisho. Baba anaweza kushika afya na usingizi, mama akashika shule na mambo ya simu. Au kinyume chake.

Kabla ya kulinganisha, tuweke mezani kile ambacho maumbile yameamua na kile ambacho hayajaamua. Mimba, uzazi na kunyonyesha ni vya mama. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi miaka 2 au zaidi. Kwa hiyo mwaka wa kwanza hauwezi kugawanywa sawasawa hata mkitaka. Zaidi ya hapo, sehemu kubwa ya ulezi hujifunzwa kwa kufanya, na mwili wenyewe humfuata anayelea. Utafiti wa Lee Gettler na wenzake uliochapishwa mwaka 2011, uliofuatilia wanaume 624 huko Cebu, Ufilipino, uliona kwamba testosteroni, homoni ya kiume, ilishuka kwa wanaume waliopata watoto, na ilikuwa chini zaidi kwa wale waliokaa na watoto wao saa tatu au zaidi kwa siku. Mwanamume akimbeba mtoto kila siku, mwili wake unajipanga kwa kazi hiyo. Anayesema hakuumbwa kulea huenda hajapewa, au hajajipa, siku za kutosha.

Vipimo nitakavyotumia ni sita: mzigo wa kichwani, ukaribu wa mtoto na kila mzazi, nidhamu, anachojifunza mtoto kuhusu kuwa mwanamke au mwanamume, kazi na kipato, na hali ya nyumba inapotikisika. Havina uzito sawa. Cha kwanza ndicho ninachokiona kikivunja watu zaidi, kwa hiyo nitakaa nacho muda mrefu.

Mzigo wa kichwani

Kulea kuna kazi za mikono na kazi za kichwani. Za mikono zinaonekana: kubadilisha nepi, kufua, kumpeleka mtoto shule. Za kichwani hazionekani. Mwaka 2019 mtafiti wa Marekani, Allison Daminger, alichapisha matokeo ya mahojiano na watu 70, mume na mke kutoka familia 35, akazigawa kazi hizo katika hatua nne: kuliona jambo kabla halijafika, kutafuta njia za kulishughulikia, kuamua, na kufuatilia kama limefanyika. Wakati wa kuamua, mume na mke walikuwa karibu sawa. Tofauti kubwa ilikuwa kwenye kuona mapema na kufuatilia, yaani zile hatua zinazokaa kichwani usiku na mchana na ambazo hakuna anayezishukuru. Hizo zilikuwa za wanawake zaidi.

Chukua usiku mmoja tu wa homa. Mtoto ana miaka mitatu, amechemka. Parasetamoli ya maji hupimwa kwa uzito wa mtoto, hairudiwi kabla ya masaa manne kupita, na haizidi mara nne kwa siku nzima. Basi mwenye kumpa dawa anatakiwa kujua mtoto ana kilo ngapi, dozi ya mwisho ilitolewa lini na ilikuwa ya ngapi, chupa ilifunguliwa mwezi gani, na kadi ya kliniki iko wapi endapo mtafika hospitali kabla ya alfajiri. Kushika kijiko ni kazi ya nusu dakika. Kuyajua hayo mengine ni kazi ya miezi. Mzazi anayeuliza "nimpe kiasi gani?" kwa nia njema kabisa, bado amemwachia mwenzake kazi nzima isipokuwa kijiko.

Kwenye mgawanyo wa jadi, mzigo huu wote uko kwa mama. Faida yake ni ya kweli: kichwa ni kimoja, hakuna linalopotea njiani, na mtoto hapewi dawa mara mbili. Hasara ni kwamba kichwa hicho hakina likizo. Hata baba anaposaidia, husaidia kwa kutumwa, na kutuma watu nako ni kazi.

Nusu kwa nusu hugawa mikono vizuri sana, lakini kichwa hakigawanyiki chenyewe. Hapa ndipo wazazi wengi wenye nia safi hukwama. Wanapeana zamu za kuogesha na kulaza, wanadhani wako sawa, kumbe mmoja ndiye anayejua kwamba viatu vya shule vimebana na kwamba chanjo ni wiki ijayo. Au kila mmoja anadhani mwenzake kakumbuka, na tarehe inapita. Njia hii inadai mazungumzo ya kila siku, mafupi lakini yasiyokosekana, na mahali pamoja ambapo kila kitu kinaandikwa. Wasiopenda kuzungumza wataichoka.

Kila mtu na fungu lake ndiyo yenye nguvu kwenye kipimo hiki, kwa sababu anayeshika afya anashika hatua zote nne. Anajua tarehe ya chanjo, anaomba ruhusa kazini, anampeleka mtoto, anaangalia kama sindano imemletea homa. Mwenzake anaweza kusahau kabisa habari ya chanjo bila dhambi. Hatari yake ni mafungu yasiyolingana. Mmoja akachukua ada, bima na matengenezo ya baiskeli, mambo yanayokuja mara chache na kwa saa anazozipanga mwenyewe, na mwingine akachukua chakula, mavazi na usingizi, ambavyo haviahirishiki hata siku moja. Kwa idadi, mafungu ni matatu kwa matatu. Kwa jasho, hayakaribiani. Mkigawana, hesabuni kila jambo linakuja mara ngapi kwa wiki, na saa ngapi.

Ukaribu wa mtoto na kila mzazi

Zamani ilidhaniwa kwamba mtoto mchanga humshika mama pekee na baba huja baadaye. Michael Lamb na watafiti wengine wa miaka ya 1970 walionyesha kwamba watoto hujenga mshikamano na baba pia katika mwaka huohuo wa kwanza, mradi baba awepo. Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa jamii ya Aka, wawindaji wa misitu ya Afrika ya Kati, waliochunguzwa na Barry Hewlett: akina baba huko huwa na mtoto mchanga mikononi au karibu ya kufikia mkono kwa takriban nusu ya siku. Haiondoi nafasi ya mama. Inaonyesha tu kwamba nafasi ya baba ni kubwa kuliko wengi wetu tulivyozoea kuiona.

Katika jadi, mtoto humjua mama kwa kila kitu na humjua baba kwa michezo, safari na mambo makubwa. Si kwamba anampenda baba kidogo. Watoto wengi wa nyumba hizi husimulia kwa furaha jinsi baba alivyowarusha juu au kuwafundisha kuendesha baiskeli, na michezo hiyo ya nguvu humfunza mtoto kujiamini na kujizuia. Kinachokosekana ni ule ukaribu wa mambo madogo: baba asiyejua mtoto anaogopa nini gizani hatakuwa wa kwanza kuambiwa siri mtoto akifika miaka kumi na tatu.

Nusu kwa nusu humpa mtoto wazazi wawili anaoweza kuwakimbilia kwa usawa. Akianguka, anakwenda kwa aliye karibu. Kwa ukaribu, nadhani hakuna njia inayoipita hii. Fungu kwa fungu hukaa katikati, na inategemea mafungu yenyewe. Baba aliyechukua karatasi na malipo amechukua kazi halali, lakini haimkutanishi na mtoto. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kila mzazi, katika njia yoyote ile, awe na angalau jambo moja la mwili na mtoto wake: kuoga, kulala, kuchana nywele, kusoma kitabu kitandani.

Kuna kizuizi kimoja ambacho hatukisemi sana kwa kuogopa kuonekana tunawalaumu akina mama. Mwaka 1999 Sarah Allen na Alan Hawkins waliandika kuhusu namna baadhi ya akina mama wanavyolinda lango la malezi bila kukusudia. Baba anamwogesha mtoto. Mama amesimama mlangoni: maji yamepoa, shika shingo, sabuni ile ni ya mikono, ngoja nikuonyeshe. Kila sahihisho peke yake ni sawa. Yakifika kumi, baba anatoka, na wiki ijayo haingii tena. Ninaelewa kwa nini mama anafanya hivyo, kwa sababu jamii humhukumu yeye mtoto akionekana mchafu, si baba. Methali yetu yenyewe inasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na hakuna anayeuliza baba alikuwa wapi. Lakini mtoto aliyeogeshwa vibaya kidogo bado ni mtoto aliyeogeshwa na baba yake. Mama mwenye ujasiri wa kuondoka mlangoni anampa mtoto zawadi kubwa.

Nidhamu

Mgawanyo wa jadi una sentensi yake maarufu: "Ngoja baba yako arudi." Faida yake ni kwamba mtoto anajua kuna mpaka usiovukwa. Lakini adhabu inachelewa, na mtoto mdogo hushindwa kuunganisha kosa la asubuhi na ukali wa jioni. Mama hupoteza sauti kila anapoitamka. Baba naye, aliyekuwa na hamu ya kuona watoto kutwa nzima, anapokewa mlangoni na kesi. Akikubali kila siku, watoto watanyamaza wakisikia hatua zake. Baba wengi wanaumia kwa jambo hili na hawasemi.

Diana Baumrind, mwanasaikolojia wa Marekani, katika miaka ya 1960 alitenganisha wazazi wakali wasiosikiliza, wazazi walegevu wasioweka mipaka, na wale wanaoweka mipaka thabiti huku wakimsikiliza mtoto. Tafiti nyingi zilizofuata, hasa katika nchi za Magharibi, zimewaona watoto wa kundi la tatu wakifanya vizuri zaidi. Ukiitazama jadi kwa jicho hilo, unaona kishawishi chake: uthabiti apewe baba, upole apewe mama, na mtoto asimpate mtu mmoja mwenye vyote viwili. Si lazima iwe hivyo. Nimewaona akina baba wa jadi wapole kupita kiasi na akina mama wenye neno moja tu. Ila mkichagua njia hii, amueni kwamba kosa linashughulikiwa na aliyekuwepo lilipotokea.

Nusu kwa nusu huondoa tatizo la askari na mtetezi, lakini huleta lingine: kama viwango vyenu havilingani, mtoto atajifunza kuuliza kwa mzazi wa zamu ya leo. Hatafuti kuwagombanisha, anatafuta jibu la ndiyo. Hapa mnahitaji kanuni chache zilizokubaliwa, tano au sita, zisizobadilika na zamu. Fungu kwa fungu hurahisisha: mambo ya simu muulize mama, mambo ya kutoka nje muulize baba, na mwingine haingilii. Watoto wakubwa huielewa upesi. Wadogo huchanganyikiwa, maana kwao kosa ni kosa na mzazi ni mzazi.

Anachojifunza mtoto kuhusu kuwa mwanamke au mwanamume

Mtoto haoni maoni yenu, anaona nani anainuka sahani zikichafuka. Mwaka 2014 Alyssa Croft na wenzake nchini Kanada walichapisha utafiti juu ya watoto wa miaka 7 hadi 13 na wazazi wao. Mabinti ambao baba zao walishiriki zaidi kazi za nyumbani walikuwa na ndoto pana zaidi za kazi za baadaye, zisizofungwa na zile zinazodhaniwa kuwa za kike. Kauli za baba kuhusu usawa hazikutosha kueleza tofauti hiyo, mikono yake ilikuwa na uzito wake.

Kwa kipimo hiki jadi humfundisha mtoto wajibu ulio wazi na heshima kwa kila nafasi, endapo nafasi zote mbili zinaheshimiwa nyumbani. Baba anayemwambia mama "wewe unakaa tu nyumbani" mbele ya watoto amebomoa mgawanyo uleule anaoutetea. Nusu kwa nusu na fungu kwa fungu humfundisha kwamba kazi haina jinsia, na fungu kwa fungu huongeza somo la kila mtu kuchangia kwa kile anachokiweza.

Lakini angalieni kitu kimoja, hata nyinyi mnaojiona wa kisasa. Mzazi anaweza kupika na kufua kwa zamu na mwenzake, kisha akamtuma binti kuosha vyombo na kumwacha kaka yake acheze mpira. Mvulana asiyefundishwa kujihudumia anaonewa pia, maana atakua akimtegemea mtu mwingine kwa kila tonge. Na mvulana anayeambiwa asilie ananyimwa njia ya kusema anapoumia. Mgawanyo wa wazazi na mgawanyo wa watoto ni mambo mawili, na la pili linasahaulika kwenye njia zote tatu.

Kazi na kipato

Hapa nitapita haraka, kwa sababu mara nyingi hamna uhuru mkubwa wa kuchagua. Jadi hufaa kipato cha mmoja kinapotosha na kazi yake inadai saa nyingi, lakini mama aliyekaa miaka nje ya kazi hurudi akiwa nyuma kwa mshahara na akiba ya uzeeni. Nusu kwa nusu huwabakiza wote kazini, na huwabana wote: hakuna anayeweza kukubali kila safari ya kikazi. Fungu kwa fungu hunyumbulika kufuata saa za kila mmoja.

Sheria na mwajiri vina usemi mkubwa kuliko nia yenu. Sweden mwaka 1974 ilikuwa nchi ya kwanza kuifanya likizo ya uzazi iwe ya wazazi wote wawili, wagawane wapendavyo. Akina baba walioichukua walikuwa wachache kwa miaka mingi, mpaka mwaka 1995 ilipotengwa sehemu ya mwezi mmoja ambayo baba asipoitumia inapotea. Ndipo idadi ikapanda. Norway ilikuwa imetangulia kutenga wiki nne za namna hiyo mwaka 1993. Kama baba ana siku za likizo ya mtoto kisheria, hata kama ni chache, azichukue zote. Na azichukue akiwa peke yake na mtoto angalau kwa sehemu, mama akishapata nguvu ya kutoka kidogo.

Nyumba inapotikisika

Mama akilazwa. Baba akipoteza kazi. Mmoja akisafiri miezi mitatu. Ndoa ikivunjika. Mmoja akifariki. Hakuna anayependa kupanga kwa ajili ya haya, ila yanatokea.

Jadi ndiyo dhaifu zaidi kwenye kipimo hiki, kwa pande zote mbili. Baba anabaki na watoto asiojua ratiba zao, na mama anabaki bila kujua fedha ziko wapi wala deni ni la nani. Nusu kwa nusu ndiyo imara zaidi, kwani kila mmoja anaweza kuendesha nyumba peke yake kuanzia kesho. Fungu kwa fungu iko katikati: nusu ya mambo yanaendelea, nusu yanasimama. Tiba yake ni kubadilishana mafungu mara moja kwa mwaka, au kuandika kila fungu kwenye daftari ambalo mwenzako analisoma.

Kwa njia yoyote mtakayochagua, jipimeni hivi: kila mmoja abaki na watoto kwa siku tatu bila kumpigia mwenzake simu ya kuuliza chochote. Kama mmoja wenu hawezi, hapo ndipo pa kuanzia, kabla hamjabishana nani anafanya kazi nyingi.

Nani inamfaa nini

Jadi inawafaa wazazi ambao wote wawili wameitaka kwa dhati, si mmoja kuitaka na mwingine kuzoea. Inawafaa ambao kazi ya mmoja haina saa maalumu, na ambao fedha ni za nyumba, mama akiwa na usemi na uwezo wa kuzifikia. Penye hofu, ambapo mmoja haruhusiwi kuuliza wala kukataa, hatuzungumzii tena mgawanyo wa malezi, na shida hiyo inahitaji msaada wa watu wengine kwanza.

Nusu kwa nusu inawafaa wenye saa za kazi zinazofanana, wanaokaa pamoja, wanaozungumza kwa urahisi na kuvumilia kwamba mwenzako atafanya kwa namna yake. Kila mtu na fungu lake inawafaa wenye vipaji na ratiba tofauti, wanaochoshwa na kujadiliana kila siku, na walio tayari kumwachia mwenzao jambo bila kulisimamia kwa mbali.

Kwa hali yenu

Kama mtoto ni mchanga na ananyonya, msilazimishe usawa wa kazi moja moja. Mama anayenyonyesha usiku ameshafanya zamu yake, na baba achukue yanayobaki: kucheulisha, nepi za usiku, kuogesha, watoto wakubwa, nyumba. Hiyo ni fungu kwa fungu ya muda. Mtoto akianza kula vizuri, kaeni mpange upya, maana utaratibu wa miezi sita ya kwanza una tabia ya kudumu miaka sita. Mama akionekana mwenye huzuni isiyoisha zaidi ya wiki mbili baada ya kujifungua, au halali hata mtoto anapolala, muoneni mhudumu wa afya bila kusubiri, na baba abebe karibu kila kitu kwa kipindi hicho.

Kama mmoja anafanya zamu za usiku au anasafiri sana, nusu kwa nusu itawatesa. Gawaneni mafungu, na mpeni anayesafiri fungu linaloweza kufanyika kwa mbali lakini linalomkutanisha na mtoto: kumsikiliza akisoma kwa simu kila jioni, kuwasiliana na mwalimu, kusimamia hesabu za shule.

Kama mama ndiye mwenye kipato kikubwa, au baba amekosa kazi, msiihukumu hali hiyo kuwa aibu ya mtu. Baba mlezi ni mlezi kamili. Kinachowatesa wengi hapa ni mama kurudi kazini na bado kukuta mzigo wa kichwani unamsubiri, kwa kuwa baba alichukua mikono tu. Mkigeuza nafasi, geuzeni na zile hatua nne.

Kama mnaishi na bibi, shangazi au mdada wa kazi, wahusisheni kwenye mazungumzo, na kumbukeni kwamba msaada mwingi humpunguzia mama mikono na kumpunguzia baba nafasi. Bibi anayemnyang'anya mwanawe nepi kwa huruma anahitaji kuombwa kwa heshima amwache ajifunze.

Kama mmetengana, nusu kwa nusu inawezekana tu mkikaa jirani na mkisemezana bila kupigana. Isipowezekana, mafungu yaliyoandikwa huwapunguzia sababu za kugombana. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ibara ya 18, unaweka wajibu wa kumlea mtoto kwa wazazi wote wawili, na wajibu huo haufutwi na talaka. Mtoto asifanywe mjumbe wa kupeleka maneno.

Kama unalea peke yako, hakuna wa kugawana naye, na kusoma makala kama hii kunaweza kuumiza. Huhitaji kuwa mama na baba kwa pamoja. Kuwa mzazi mmoja thabiti na mwenye upendo, kisha mtafutie mtoto mtu mzima mwingine wa kuaminika, mjomba, shangazi, jirani, anayekuja mara kwa mara bila kukosa. Na mpe mtu huyo fungu moja la kweli.

Kama watoto wenu wanakaribia kubalehe, pimeni upya tena. Binti anaweza kutaka kuzungumza mwili wake na mama, na kijana na baba, lakini msiwafungie hapo: baba anayejua hedhi ni nini na aliyeweka pedi nyumbani bila kuambiwa amemwondolea binti yake aibu, na mama anayeweza kumsikiliza kijana akieleza alivyoachwa na mpenzi wake bila kumcheka atasikilizwa siku ya jambo kubwa zaidi.

Na kama wewe ndiye uliyechoka na mwenzako haoni tatizo, usianze na lawama wala na neno usawa. Andika kwa wiki moja kila jambo la mtoto unalolifikiria, si unalolifanya tu: uzito wake, kucha, kikao cha walimu, dawa inayoisha, rafiki aliyemkasirikia. Mpe mwenzako aisome akiwa ametulia, kisha mwombe achague mambo matatu ya kila siku ayachukue yote, kichwa na mikono. Akiyachukua, usisimame mlangoni.